Toba ya Nahodha John Newton

Katika mji wa Unguja, mtaa wa Mkunazini, liko kanisa kubwa la mawe. Mahali pale palikuwa na soko la watumwa hata mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza, na soko likafungwa. Jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi mwaka uo huo. Watu waendao kulitazama huwasikitikia wale waliouzwa pale, nao huwalaumu waliowauza. Na ni haki yao kuwalaumu. Lakini ni vigumu kwao kufikiri ya kuwa miongoni mwa wauzaji wa watu, katika nchi mbalimbali, walikuwako waliopiga magoti na kumwomba Mungu, wala si kwa unafiki, bali kwa moyo. Mmoja wao alikuwa Mwingereza, nahodha wa merikebu katika pwani ya magharibi ya Afrika, jina lake John Newton. Habari zake zamfaa kila mtu atakaye kujua maana ya kutubu, kwa sababu mtu huyu alizililia dhambi zake siku moja, kisha akakaa miaka mingi asiione ile iliyokuwa kubwa kuliko zote alizozililia.

Newton alizaliwa London tarehe 24 Julai 1725. Baba yake alikuwa nahodha wa merikebu za biashara, mtu mkali, ambaye mtoto alimwogopa kuliko alivyompenda. Mama yake alikuwa mcha Mungu. Ndiye aliyemfundisha kusoma tangu akiwa mdogo sana, akamkaririsha maneno ya Biblia na nyimbo za kanisa, naye alitumaini kwamba siku moja mwanawe angekuwa mchungaji. Lakini mama huyo alikuwa na ugonjwa wa kifua, akafariki mwaka 1732, mtoto hajatimiza miaka 7. Alipofika miaka 11 baba yake akamchukua baharini.

Huko baharini mafundisho ya mama yakamtoka kidogo kidogo, kama rangi ya nguo inavyotoka juani. Si kwamba hakujaribu kuyashika. Mara kwa mara alipatwa na hofu kwa sababu ya ugonjwa au ajali, akafunga, akasoma Biblia, akasali. Siku zikapita, hofu ikaisha, na sala ikaisha pamoja nayo. Hata alipokuwa kijana akasoma kitabu cha mtu mmoja mwenye elimu aliyeitia dini shaka, akakipenda mno, maana aliona amepewa ruhusa. Mwisho akamkana Mungu waziwazi, wala hakutosheka kupotea peke yake. Alijitahidi kuwavuta wenziwe pia. Ulimi wake ukawa mchafu hata watu wa baharini, ambao si wepesi wa kushtushwa na matusi, wakamshangaa.

Mwaka 1744 akakamatwa na kutiwa kwa nguvu katika manowari ya mfalme iliyoitwa Harwich, kama ilivyokuwa desturi siku zile. Akatoroka, akashikwa, akapigwa mijeledi mbele ya watu wote wa chomboni. Mwaka uliofuata akahamia merikebu ya watumwa, akashuka katika nchi ya Sierra Leone, akajiweka chini ya Mzungu mmoja aliyefanya biashara ya watu katika Visiwa vya Plantain.

Hakukaa sana akashikwa na homa. Bwana wake akasafiri, akamwacha mikononi mwa mkewe, mwanamke wa nchi ile mwenye cheo kikubwa kwao, naye alimchukia Newton. Kitanda cha mgonjwa kilikuwa ubao na mkeka, na mto wake ulikuwa gogo. Maji ya kunywa aliyapata kwa shida. Alipoanza kupata nafuu na kutamani chakula alipewa makombo, na usiku alitoka kwa siri akang'oa mizizi shambani akaila mibichi. Baadaye bwana wake naye akamdhania kuwa mwizi, bila haki, na kila alipoondoka chomboni akamwacha Newton amefungwa juu ya sitaha, na mchele kidogo wa kumtosha siku kutwa.

Katika siku hizo watu waliomhurumia walikuwa watumwa. Walikuwa wamefungwa minyororo, wakingoja kuuzwa, na chakula chao wenyewe kilikuwa haba. Hata hivyo walikipunguza, wakamletea sehemu yake kwa siri, maana hawakuthubutu kuonekana. Msomaji na alishike jambo hili, asilisahau atakapofika mbele.

Liko na jambo jingine la siku zile litakalowapendeza wanafunzi. Newton alikuwa amebaki na kitabu kimoja tu, kitabu cha Euclid, chenye hesabu za mistari na pembe. Alikichukua mpaka pembeni mwa kisiwa, akachora pembetatu na duara mchangani kwa kijiti kirefu, akaendelea hivyo hata akazifahamu sehemu sita za kwanza za kitabu bila mwalimu. Tena siku moja alikuwa akipanda miche ya ndimu. Bwana wake na mkewe wakapita, wakasimama kumtazama, na bwana akamdhihaki: nani ajuaye, pengine miti hiyo itakapozaa, Newton atakuwa amekwenda kwao, amepewa merikebu, amerudi kuchuma ndimu zake! Wakaenda zao.

Baba yake alikuwa ameomba atafutwe, na nahodha wa merikebu iliyoitwa Greyhound akampata. Merikebu ile ilinunua dhahabu, pembe za ndovu, nta na miti ya kutia rangi, kisha ikashika njia ya kurudi Uingereza mwanzo wa mwaka 1748.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Machi, Newton aliamshwa na wimbi lililopiga chombo kwa nguvu, maji yakajaa chumba alimolala. Watu wakapiga kelele kwamba merikebu inazama. Alipokuwa akipanda ngazi kwenda juu, nahodha akamwambia arudi alete kisu. Akarudi. Mtu mwingine akapanda mahali pake, na papo hapo wimbi likamchukua, asionekane tena. Bahari ilikuwa imezivunja mbao za juu za upande mmoja. Wakafua maji kwa ndoo na kwa bomba, wakaziba mianya kwa nguo na matandiko, wakagongomea vipande vya mbao juu yake. Kama shehena yao ingalikuwa chuma wangalizama mara moja. Lakini nta na miti ni vyepesi kuliko maji, navyo ndivyo vilivyosaidia kukishika chombo kisizame.

Newton alisukuma bomba tangu saa tisa ya usiku hata karibu na adhuhuri, amejifunga kamba asichukuliwe na mawimbi. Katika kusema na nahodha juu ya kazi, lilimtoka neno la kuomba rehema ya Mungu. Alilisema bila kufikiri, kama watu wasemavyo. Lakini mara lilipotoka likamchoma yeye mwenyewe. Miaka mingi hakuwa ametamani rehema hiyo. Tena, rehema gani iwezayo kuwako kwa mtu aliyefanya jina la Mungu kuwa mchezo? Alasiri akapewa usukani, akaushika hata usiku wa manane, na pale usukanini akayakumbuka maisha yake yote, na maneno aliyokaririshwa na mama yake.

Wakaelea karibu majuma manne, tanga zimeraruka, vyakula vingi vimechukuliwa na maji. Nahodha akamwambia waziwazi kwamba yeye ndiye Yona wao, na kwamba afadhali angetupwa baharini. Mwezi wa Aprili wakafika Lough Swilly katika nchi ya Ireland, chakula chao cha mwisho kikiwa chunguni. Baada ya muda kama wa saa mbili upepo ukavuma kwa ukali. Kama wangalikuwa bado baharini, chombo kile kibovu kisingaliweza kuustahimili. Newton akaenda kanisani, akamwahidi Mungu kuwa mtu wake. Matusi yakamtoka kinywani, na tangu siku zile hayakurudi. Tarehe 21 Machi akaikumbuka kila mwaka hata uzeeni.

Hapa ndipo hadithi nyingi za namna hii zinapokoma, na wasikilizaji huitika amina. Ya Newton haiwezi kukoma hapa.

Mwaka uo huo wa 1748 alipata kazi katika merikebu ya watumwa iitwayo Brownlow, akarudi pwani ile ile. Tangu mwaka 1750 hata 1754 akasafiri mara tatu, naye sasa ni nahodha mwenyewe, kwanza katika Duke of Argyle, kisha mara mbili katika African. Alinunua watu, wanaume kwa wanawake na watoto, akawafunga ndani ya chombo, akawavusha bahari mpaka visiwa vya West Indies, akawauza. Aliandika daftari ya safari kwa uangalifu sana, kila siku na upepo wake. Lakini watu wale hakuwaandika kwa majina, aliwaandika kwa nambari. Alipofika Visiwa vya Plantain alichuma ndimu za kwanza za miti ile aliyoipanda. Dhihaka ya bwana wake ilikuwa imetimia neno kwa neno. Wale waliomletea chakula kwa siri hakuna habari zao. Bali aliowanunua sasa walikuwa ndugu zao.

Na sala je? Alisali. Kila Jumapili aliwakusanya mabaharia mara mbili kwa ibada. Chumbani mwake alijifundisha Kilatini na kusoma Biblia, na kumwandikia mkewe barua za upendo na za dini. Alikuwa na huruma zaidi ya manahodha wengi wa kazi ile, na katika safari yake ya mwisho hakufa mtu hata mmoja chomboni, jambo lililokuwa adimu. Lakini daftari ile ile yaonyesha kwamba mwezi wa Desemba 1752, aliposikia watumwa wanakusudia kuasi, aliwatia pingu baadhi ya wavulana, akawabana vidole gumba kwa vibano vya chuma ili waseme yote. Wavulana hao huenda walikuwa na umri wa wanafunzi wa shule.

Mtu atauliza: mbona moyo wake haukumsuta? Aliacha kulaani, aliacha uasherati, alizishika Jumapili. Kwa nini jambo hili lisimguse? Jibu lake si gumu, ila ni la kutisha. Sheria ya Uingereza iliiruhusu biashara ile. Wenye merikebu wa Liverpool walikuwa watu wa heshima, wenye viti vyao kanisani. Hakuna rafiki aliyemwambia kwamba ni ovu. Dhambi ya mtu mmoja gizani humwonea haya mwenyewe. Dhambi itendwayo na mji mzima mchana huitwa kazi. Newton alizitubu zile dhambi ambazo kila mtu alizijua kuwa ni dhambi.

Wala kuiacha kwenyewe hakukuwa kwa kutubu. Mwezi wa Novemba 1754 alikuwa tayari kusafiri tena. Siku mbili kabla ya kutweka alikuwa ameketi na mkewe wakinywa chai, mara akashikwa na kifafa, akaanguka, akakaa karibu saa nzima hana fahamu. Waganga wakamshauri asisafiri, akaacha ubaharia, naye ana miaka 29. Ni kweli alikuwa amechoka kuwa kama mlinzi wa gereza, kila siku katikati ya minyororo na makomeo, tena alikuwa amemwomba Mungu ampe kazi nyingine yenye utu zaidi. Lakini kuchoka na kazi si kuihukumu. Mlevi aliyeugua ini huacha pombe. Hilo si neno la kumwita mwenye toba.

Inafaa kutazama kidogo maana ya neno hilo. Mwanafunzi akiiba kalamu ya mwenziwe, kisha akakamatwa, atalia. Machozi hayo ni ya fimbo. Pengine hakukamatwa, lakini usiku moyo wake unamuuma. Hayo ni majuto, nayo ni mwanzo mwema, ila kalamu ingali mfukoni mwake. Pengine atamwomba Mungu msamaha kitandani, apate raha, alale, na asubuhi aandike somo lake kwa kalamu ile ile. Zakayo mtoza ushuru, Yesu alipoingia nyumbani mwake, hakusema habari za moyo wake hata kidogo. Alisimama akasema habari za mali yake: nusu atawapa maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Kwa hiyo kutubu hufananishwa na kugeuka. Ageukaye hutazama upande mwingine, na miguu yake hufuata.

Newton aligeuka polepole, kama merikebu nzito igeukavyo. Mwaka 1764 akapewa upadre katika Kanisa la Uingereza, akawekwa Olney, mji mdogo wa mafundi maskini wa kufuma lesi. Akawapenda, nao wakampenda. Kwa ibada ya tarehe 1 Januari 1773 aliandika wimbo wa neema ujulikanao katika dunia nzima kwa jina la Amazing Grace. Wengi husimulia kwamba aliutunga katika tufani, au kwamba aliutunga siku alipoacha kuuza watu. Sivyo. Tufani ilikuwa imepita miaka 25. Tena ilibaki miaka 15 kabla hajafungua kinywa mbele ya watu wote juu ya utumwa. Alikuwa ameandika kitabu cha maisha yake mwaka 1764, akasimulia mateso yake mwenyewe kwa urefu, na ya watu aliowafunga kwa maneno machache mno.

Mwaka 1780 akahamia London, akawa mchungaji wa kanisa la St Mary Woolnoth. Huko, mwezi wa Desemba 1785, kijana mmoja wa Bunge alimwendea kwa siri, jina lake William Wilberforce, ambaye moyo wake ulikuwa umeguswa na dini, naye hakujua kama yampasa kuacha siasa. Newton akamshauri abaki Bungeni, huenda Mungu ana kazi naye pale. Na kazi ikaonekana, maana muda si mrefu Wilberforce na wenziwe wakaanza kushindana na biashara ya watumwa.

Wenye biashara wakajitetea. Walisema watumwa hulala vizuri, hula vizuri, hucheza ngoma juu ya sitaha. Nani angewajibu? Wacha Mungu wengi waliochukia utumwa hawakupata kuingia katika merikebu ile hata mara moja. Ilitakiwa mtu aliyezijua pingu kwa sababu alizifunga.

Newton alikuwa na miaka 62. Alikuwa kasisi aliyeheshimiwa. Dhambi yake ilikuwa ya ujana, sheria haikuwa na neno juu yake, wala hapakuwa na mtu aliyemshurutisha. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Mwanzo wa mwaka 1788 akatoa kitabu kidogo juu ya biashara ya watumwa wa Afrika, akaliweka jina lake juu yake. Hakuandika jinsi watu wengine walivyofanya. Aliungama kwamba yeye mwenyewe alishiriki, kwamba maungamo yake yamechelewa, wala hayawezi kuondoa madhara yaliyokwisha kutendeka. Kisha akaeleza: chumba cha chini ya sitaha, kimo chake kama futi 5 na pengine pungufu, tena kimegawanywa kwa ubao katikati ili watu walazwe safu mbili, moja juu ya nyingine; wanaume wamefungwa wawili wawili, mkono na mguu, hata mmoja hawezi kugeuka bila kumwumiza mwenziwe; joto, harufu, na asubuhi aliye hai kukutwa amefungwa pamoja na maiti. Kitabu kikagawiwa kwa wabunge. Newton akaitwa mbele ya Baraza la Mfalme, na mwaka 1790 mbele ya kamati ya Bunge, akaulizwa maswali, akajibu.

Zakayo aliwajua aliowadhulumu, na nyumba zao hazikuwa mbali. Newton hakuwa na la kurudisha. Watu wake walikuwa ng'ambo ya bahari, wengi wamekwisha kufa katika mashamba ya miwa, nao katika daftari yake ni nambari tu. Alichoweza kulipa kilikuwa ile kweli, na heshima yake mwenyewe juu yake.

Mapigano Bungeni yalichukua karibu miaka 20. Newton akafiwa na mkewe mwaka 1790, macho yake yakaingia giza, masikio yakawa mazito, lakini hakuacha kuhubiri. Tarehe 25 Machi 1807 sheria ya kukataza merikebu za Kiingereza zisichukue watumwa ilipata kibali cha mfalme. Naye Newton akafa tarehe 21 Desemba mwaka uo huo, mwenye miaka 82. Watumwa waliokuwa wamekwisha kufikishwa katika makoloni ya Uingereza hawakuwekwa huru kwa sheria ile; hao walingoja hata sheria ya mwaka 1833.

Maneno ya jiwe lake la kumbukumbu aliyaandika mwenyewe. Yasema kwamba hapo zamani alimkana Mungu akaishi kwa anasa, kwamba alikuwa mtumishi wa watumwa katika Afrika, na kwamba kwa rehema za Yesu Kristo alisamehewa, akawekwa kuihubiri imani ile aliyoishughulikia sana kuiharibu. Kwamba aliuza watu, jiwe halisemi. Hilo limo katika kile kitabu kidogo cha mwaka 1788.